Stratocaster, gitaa la fundi redio

Gitaa ninalolizungumzia hapa ni Fender Stratocaster iliyoundwa mwaka 2008 katika kiwanda cha Ensenada, Meksiko. Nililinunua likiwa mtumba, miaka minane iliyopita, kwa shilingi 1,400,000, na tangu siku hiyo halijawahi kulala ndani wiki nzima bila kupigwa. Nimelipiga katika kumbi za Mtwara mjini na Mikindani, nimelisafirisha kwa basi hadi Lindi, Masasi na Newala, na katika msimu wa korosho, wakati fedha za mnada zinapoingia na harusi zinapofuatana kila mwisho wa wiki, limewahi kupiga dansi Ijumaa usiku, taarabu Jumamosi na kwaya Jumapili asubuhi bila kubadilishwa hata uzi mmoja. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya vijana wa mikoa yetu ya kusini ambao huniuliza baada ya onyesho wanunue gitaa gani, na ambao jibu la mlangoni pa ukumbi, huku vyombo vikipakiwa kwenye gari, haliwezi kuwatosha.

Swali linalorudi kila mara ni hili: imewezekanaje gitaa lililobuniwa Marekani mwaka 1954 liendelee kukubalika katika muziki wa aina nyingi namna hii, kuanzia ukumbi wa dansi hadi madhabahuni? Nimelitafakari kwa muda mrefu, na jibu ninalolishikilia ni kwamba lilibuniwa na fundi redio.

Fundi huyo, Leo Fender, alizaliwa mwaka 1909, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hadi alipofariki dunia mwaka 1991 hakuwa amejifunza kupiga gitaa. Kwa kuwa hakuwa na mkono wa mwanamuziki, alilazimika kuwa na sikio la kuwasikiliza wanamuziki. Gitaa lake lililotangulia, ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster, lilikuwa na kingo kavu kama za meza, na mpigaji mmoja, Bill Carson, akalalamika kwamba zinamuumiza mbavu. Stratocaster, ambayo Fender aliibuni akisaidiwa na Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii, ilijibu malalamiko hayo: ubao wake umechongwa nyuma pale unapokutana na mbavu, na umechongwa mbele pale mkono unapoegemea. Anayepiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, akiwa amesimama na kama kilo tatu na nusu zikining'inia begani, ikifika saa sita huwa ameshaielewa thamani ya mchongo huo.

Ufundi redio wenyewe unaonekana zaidi ukilifungua. Shingo imeshikwa na skrubu nne. Ukizitoa, inabaki mkononi mwako nzima, na ukitaka unaweka nyingine. Sehemu karibu yote ya umeme, yaani pikapu tatu (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi), vifundo vitatu vya volyumu na toni, swichi na kapasita, imefungwa kwenye bamba moja la plastiki. Katika gitaa langu bamba hilo lina skrubu 11, na ukizifungua umeme wote unalala mezani kama redio iliyovuliwa gamba.

Mwaka wa pili kifundo cha volyumu kilianza kukwaruza kila nilipokizungusha, na sauti ikawa inakatika. Nililipeleka kwa fundi mmoja wa sokoni hapa Mtwara ambaye kazi yake ni redio na sabufa, na ambaye alikuwa hajawahi kushika gitaa la umeme maishani mwake. Alilitandikia kanga kuukuu juu ya meza, akatoa skrubu, akatazama ndani kama dakika moja, kisha akaniambia: "Kaka, mbona hii ni volyumu ya redio tu?" Ndivyo ilivyokuwa. Alikipulizia dawa ya kusafishia, akakizungusha mara kumi au zaidi, akalehemu upya waya wa jeki (tundu la kuchomekea kebo) ambao muuzaji wangu wa Dar es Salaam alikuwa ameuacha ukishikiliwa na tone dogo la risasi, na akanitoza shilingi 7,000. Mpaka leo kifundo hicho hakijakwaruza tena. Chombo kinachoweza kutengenezwa na fundi asiyekijua, katika mji ambao hakuna fundi wa magitaa, kina sababu nzuri ya kuishi miaka mingi.

Tuje kwenye sauti, ambako ndiko mambo yaliko. Pikapu ya asili ya Stratocaster ina koili moja ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku sita, sumaku moja chini ya kila uzi, na sauti inayotoka hapo ni nyembamba, ya wazi, yenye ncha. Urefu wa uzi unaotetema ni milimita 648, wakati magitaa mengi ya kampuni ya Gibson yana kama milimita 628. Uzi mrefu hukazwa zaidi ili kuifikia noti ileile, na uzi uliokazwa hutamka vizuri. Swichi ya mwanzo ilikuwa na vituo vitatu, kimoja kwa kila pikapu. Wapigaji ndio waliogundua kwamba ukiibana katikati ya vituo viwili, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na hutoa sauti ya namna nyingine kabisa, yenye uwazi ndani na ya puani kidogo. Walihangaika kuibana hivyo kwa miaka mingi, hadi kampuni ilipoweka swichi ya vituo vitano mwaka 1977. Kwa hiyo sauti mbili ambazo leo zinalitambulisha gitaa hili kuliko nyingine zote hazikuwamo katika mchoro wa aliyelibuni. Zilitoka kwa watumiaji, na chombo kiliwaachia nafasi ya kuzipata.

Kwa muziki wetu wa dansi, vituo hivyo viwili ndivyo vinavyonifanya nisifikirie kuliuza. Bendi ya dansi ya Kitanzania, kwa utaratibu tuliourithi kutoka rumba ya Kongo na kuufanya wetu, huwa na magitaa matatu mbali na besi: ridhimu linaloshika kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), sekondi solo linalojibu na kuzunguka, na solo linalosema. Ukiyasikiliza magitaa ya DDC Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, au ukarudi nyuma hadi kwa Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz, au kwa Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la Kilwa yetu ya kusini ingawa makao yake yalikuwa Dar es Salaam, utasikia kwamba kila gitaa linajua mahali pake pa kukaa, na halimkanyagi mwenzake. Magitaa mawili yakiwa na sauti nene hulaliana, noti zikageuka uji, na mwimbaji akalazimika kupaza sauti ili apenye. Stratocaster ikiwa kituo cha pili, yaani pikapu ya darajani (karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini) na ya kati kwa pamoja, volyumu nikiishusha hadi saba na kiganja cha kulia nikikiegemeza kidogo juu ya daraja, hutoa noti fupi na kavu zinazopita kati ya ridhimu na sauti ya mwimbaji kama korosho zikidondoka moja moja kwenye sinia la bati. Mwimbaji anabaki na nafasi yake, na bado kila noti inasikika hadi meza za nyuma.

Chemko likifika, ile sehemu ambayo mwendo unakolea na wachezaji hawahitaji tena maneno, naipandisha volyumu hadi kumi, naipeleka swichi kwenye pikapu ya darajani peke yake, na gitaa lilelile linakata mbele ya tumba na drams bila mimi kusogea kwenye amplifaya. Kifundo cha volyumu kiko karibu sana na kidole kidogo cha mkono unaopiga. Wapo wapigaji wanaokilaumu kwa kuwa wanakigonga bila kukusudia. Kwangu ukaribu huo ni neema, kwa sababu nakizungusha kwa kidole hicho huku vingine vikiendelea na kazi, na naweza kuifanya noti iingie polepole kama sauti ya fidla, jambo ambalo wapenzi wa rumba la zamani hulishangilia.

Katika taarabu ya kisasa kinanda ndicho mwenye nyumba, na gitaa hukaribishwa kwa masharti. Hapo natumia pikapu ya shingoni, toni ikiwa nusu, nipate sauti ya mviringo inayoweza kumjibu mwimbaji bila kumvunjia heshima. Kwaya hutaka kodi pana zenye kung'aa, na kituo cha nne, yaani pikapu ya kati na ya shingoni, kinatosha. Zouk na rege sina haja ya kuzieleza. Anayeweza kupiga ridhimu la dansi kwa gitaa hili atazipiga.

Huko ng'ambo simulizi ni hiyohiyo. Buddy Holly aliipandisha Stratocaster jukwaani katika rock and roll mwishoni mwa miaka ya 1950. Jimi Hendrix, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, aligeuza juu chini magitaa ya mkono wa kulia, na Agosti 1969 huko Woodstock akapiga wimbo wa taifa la Marekani kwa Stratocaster nyeupe, akiifanya ilie kwa sauti za vita. Nile Rodgers wa kundi la Chic alijenga disko juu ya ridhimu nyembamba ya gitaa hilo, na Mark Knopfler wa Dire Straits akalifanya lizungumze kwa vidole vitupu, bila piki, kwa ile sauti ya katikati ya vituo niliyoieleza. Mwaka 2019 Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa mnadani New York kwa dola 3,975,000. Bei hiyo si kipimo cha ubora kwa mtu anayetafuta chombo cha kazi. Ninaitaja kwa sababu gitaa hilo lilikuwa limebadilishwa shingo, pikapu na vifaa vingine mara kadhaa katika maisha yake, na bado kila mtu aliliita gitaa lilelile. Mwaka 1954 Stratocaster mpya iliuzwa kwa dola 249.50, na ile ya leo ukiilaza pembeni mwa ile ya kwanza, fundi aliyeizoea moja ataifungua na ya pili bila kuelekezwa.

Sasa niseme yanayosumbua, na kwa sehemu kubwa yanatokana na mahali tunapoishi. Ninakaa Shangani, hapa Mtwara, ambako upepo wa bahari unaingia dirishani na chumvi yake. Seti mpya ya nyuzi huanza kuota vidoa vya kutu baada ya wiki mbili, hata nikizifuta kwa kitambaa cha pamba kila usiku, na skrubu ndogo za darajani, zile zinazopandisha na kushusha kila uzi peke yake, hukwama kabisa zikisahauliwa. Tiba yangu ni tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila skrubu, mara moja kwa mwezi, likipakwa kwa njiti ya kiberiti ili lisimwagikie ubao. Tangu nianze utaratibu huo sijapoteza skrubu hata moja. Springi za mgongoni nazo zinataka mafuta hayohayo.

Daraja lenyewe ndilo sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote. Halikukazwa mwilini; linayumba juu ya skrubu sita, likivutwa upande mmoja na nyuzi na upande wa pili na springi, ili mpigaji akisukuma mkono mdogo wa chuma sauti ishuke na kurudi. Ni wazo zuri, na katika mikono ya Hendrix lilizaa muziki mpya, lakini mizani hiyo ina gharama. Uzi mmoja ukikatika, springi hulivuta daraja, na nyuzi tano zilizobaki hupanda sauti zote kwa pamoja. Lilinitokea Masasi bibi harusi akiwa anaingia ukumbini, wageni wote wamesimama, na hakuna namna ya kulificha gitaa lililopotea tyuni mahali kama hapo. Nilimaliza wimbo kwa uzi mmoja, nikifuata sauti ya kinanda. Wiki iliyofuata nilimwomba seremala anichongee kabari ya mninga, nikaibana nyuma ya daraja lisiyumbe tena, kama mpigaji Mwingereza Eric Clapton anavyolizuia la kwake kwa kipande cha ubao. Mkono wa chuma uko kwenye droo, na kwa dansi sijauhitaji.

Ajali nyingine ilikuwa ya safari. Gitaa lilianguka kutoka kwenye keria ya ndani ya basi, na kile kipande cheupe kinachozitenganisha nyuzi karibu na kichwa kikapasuka. Kuagiza kingine Dar es Salaam kungenigharimu siku nne, nami nilikuwa na kazi kesho yake, kwa hiyo nikaenda kwa mzee mmoja mchongaji wa Kimakonde upande wa Mikindani. Alichukua mfupa wa paja la ng'ombe uliokwisha kuchemshwa na kukaushwa, akakata kipande cha upana wa milimita 42 kwa kukilinganisha na kile kilichopasuka, akakisugua kwa msasa wa maji hadi kikang'aa kama jino, kisha akachimba vijia sita, akiuweka kila uzi mahali pake na kuuvuta kidogo kabla ya kuchimba kingine. Kabla ya kukibandika alipitisha dole gumba juu ya ubao mweusi wa shingoni, akaukwaruza ukingoni kwa ukucha, akaunusa.

"Mwanangu," akasema, "huu mti ni ndugu yake mpingo."

Alikuwa sahihi kitaalamu. Ubao wa vidole wa gitaa langu unatokana na mti wa jamii ya Dalbergia, na mpingo ambao yeye ameuchonga tangu utotoni ni Dalbergia melanoxylon. Miti ya jamii hiyo yote iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017 kwa sababu ya kuvunwa kupita kiasi, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika masharti hayo. Mpingo wa misitu yetu ya kusini umekuwa ukisafiri kwenda Ulaya kuwa klarineti na obo. Ningefurahi sana kuona fundi wa Mtwara au Lindi akiutumia kutengeneza shingo ya gitaa hapahapa, kwa mikono inayoujua tayari. Kipande cha mfupa bado kipo, na nyuzi zinakaa kwenye tyuni vizuri kuliko zilivyokaa kwenye plastiki.

Udhaifu wa mwisho ni mvumo. Koili moja hunasa sauti ya uzi, na hunasa pia umeme unaozunguka ukumbini, ule wa hezi 50 unaotoka kwenye nyaya zetu za ukutani. Katika ukumbi wenye taa za tyubu na nyaya zisizo na ethi (waya wa ardhini), gitaa huvuma kama nyuki pindi unapoacha kupiga. Kwenye vituo vya pili na vya nne vya magitaa ya kisasa mvumo huo hupungua sana, kwa kuwa pikapu ya kati imezungushwa kinyume na nyingine na kelele zao huuana. Kwenye vituo vingine dawa ni kugeuka polepole pale ulipo hadi uipate pembe ambayo mvumo unanyamaza, na kusimama mbali na amplifaya. Nimezoea kuitafuta pembe hiyo wakati wa kujaribu vyombo na kuiwekea alama ya chaki sakafuni.

Asiyeridhika na hayo, au anayetaka sauti nzito inayodumu na kujaa ukumbi mzima kwa gitaa moja, atafute Gibson Les Paul, gitaa lililoanza kuuzwa mwaka 1952, au mfano wake. Pikapu za koili mbili, zilizo kwenye Les Paul nyingi, huvuma kidogo sana, na noti yake hukaa muda mrefu. Ajue tu kwamba ni zito zaidi, shingo yake imegundishwa kwa gundi, na ikivunjika hakuna skrubu nne za kumwokoa.

Kwa anayetaka kununua, huko Marekani umbo la Stratocaster halimilikiwi na kampuni moja: mwaka 2009 mamlaka ya alama za biashara ya Marekani ilikataa ombi la Fender la kulisajili umbo hilo la mwili, kwa kuwa lilikuwa limeigwa na wengi kwa miaka mingi. Ndiyo maana madukani utakuta magitaa yenye sura hiyo kwa kila bei. Usiangalie jina la kichwani kwanza. Liinue gitaa kama seremala anavyouinua ubao, utazame kando ya shingo kuona kama imenyooka, zungusha kila kifundo huku limewashwa, tikisa waya kwenye jeki, piga kila uzi katika kila freti (vile vichuma vilivyopangwa shingoni). Squier, jina ambalo Fender imelitumia kwa magitaa yake ya bei nafuu tangu 1982, likipita majaribio hayo linatosha kabisa kuanzia kazi ya jukwaani, na tofauti ya bei iende kwenye amplifaya nzuri. Ibaki na ya seti tatu za nyuzi za akiba, kwa maana nyuzi hukatika Ijumaa jioni, na kifurushi kutoka Dar es Salaam hakifiki usiku huohuo.